Mtoto wa mkulima wa tumbaku Urambo nilivyoingia Havana: ngome, puro, ngoma na msomaji wa kiwandani (uzi mrefu)

Mtoto wa Bani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu nimeuahidi tangu niliporudi Machi 2023, na kila nikikaa kuandika nakwama palepale, kwenye harufu. Leo naanzia hapohapo.

Nimezaliwa Urambo, Tabora. Kwetu tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo deni la pembejeo kwenye chama cha msingi. Nimeanza kuchuma nikiwa darasa la tatu. Aliyeifanya kazi ile anajua: asubuhi majani yana umande, utomvu unaganda mikononi unakuwa mweusi kama lami, mchana kichwa kinagonga na unatapika. Usiku mzee analala bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, anachochea kuni. Tumbaku ya mvuke moto ukishuka imeharibika, ukizidi bani zima linateketea. Baba ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kuona jani lake linaishia wapi. Linapangwa daraja, linafungwa robota, linapanda lori, basi.

Nilipopata nafasi ya kwenda Cuba, wenzangu kazini waliniuliza kama nafuata magari ya zamani au muziki. Mimi sivuti na sijui kucheza. Nilifuata jani.

Nilipitia Istanbul, nikatua Havana usiku. Mji wenye watu takribani milioni mbili, na mitaa mingi giza. Dereva alikuwa na Chevrolet ya miaka ya hamsini, aina ya magari wanayoyaita almendrón, injini imebadilishwa, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Gari la Kimarekani limebaki barabarani zaidi ya miaka sitini kwa sababu Februari 1962 Rais Kennedy wa Marekani alifunga biashara na kisiwa hicho, na tangu hapo fundi wa Havana anajitengenezea vipuri mwenyewe. Jamaa wa gereji za Gerezani, Dar, mngewaelewa watu hawa ndani ya dakika tano.

Asubuhi nikaanza na mji mkongwe, Habana Vieja. Nenda Plaza de Armas mapema, kabla jua halijawa kali. Pembeni kuna kibanda cha nguzo kama hekalu dogo, El Templete, na mbele yake mti. Wanauita ceiba. Nikausogelea, nikaushika gome: msufi! Msufi wetu kabisa, wa kujazia mito. Wanasema chini ya msufi hapo ndipo mji ulipoanzishwa mwaka 1519. Mti wenyewe umeshapandwa upya mara kadhaa, ila kila mkesha wa tarehe 16 Novemba watu wanapanga foleni usiku wauzunguke mara tatu kimyakimya na kuomba wanachoomba.

Ukitoka hapo mdomo wa bandari uko karibu. Ng'ambo unaiona ngome ya El Morro, ambayo Wahispania walianza kuijenga 1589. Dhahabu na fedha yote ya Mexico na Peru ilikusanywa bandari hii kabla ya kuvushwa Ulaya kwa msafara, ndiyo maana mji ukazungushiwa mawe hivyo. Hata hivyo mwaka 1762 Waingereza walipita nyuma ya ngome wakauteka. Mwaka uliofuata wakaurudisha kwa kubadilishana na Florida, na Wahispania wakajenga ngome nyingine kubwa zaidi, La Cabaña. Kule kila siku saa 3 kamili usiku wanapiga mzinga. Zamani ulikuwa ishara kwamba malango ya mji yanafungwa na mnyororo unavutwa kuziba bandari. Malango hayapo, mnyororo haupo, mzinga bado unalia. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa Malecón, barabara ya kando ya bahari, ulipolia mara ya kwanza nikashtuka, bibi aliyekuwa kando yangu akatazama saa yake mkononi akairekebisha.

Narudi na kiwanda.

Mzee wa Ngamiani

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shusha mkuu.

Dada wa Likoni

Endelea kaka. Sisi Kenya Wakyuba twawajua kupitia madaktari. Serikali ilileta mia moja mwaka 2018 wakagawanywa kaunti mbalimbali. Wawili wakatekwa Mandera Aprili 2019, jambo ambalo hadi leo laniuma nikilikumbuka. Mamangu alitibiwa na mmoja wao hospitali ya kaunti, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alikuwa amshika mgonjwa mkono kwanza ndipo amwulize anaumwa wapi.

Mtoto wa Bani

Dada wa Likoni, pole kwa hilo. Huko kwao ukisema umetoka Afrika Mashariki, haipiti dakika kabla mtu hajakwambia shangazi yake au jirani yake alikuwa Angola, au daktari mahali fulani. Wanaijua ramani yetu kuliko nilivyotarajia.

Haya, kiwanda. Hii ndiyo sehemu niliyoifuata, mnivumilie.

Kwanza jina. Sigara nene za Cuba wenyewe wanaziita tabaco, au puro. Zikiuzwa nje zinaitwa habano, yaani "ya Havana". Ukumbi wa kusokotea unaitwa galera. Fikiria darasa kubwa la shule ya msingi, madawati safu kwa safu, na kila dawati lina mtu, ubao, gundi kidogo ya mimea na kisu bapa chenye umbo la nusu mwezi kiitwacho chaveta. Mashine ya kusokota hakuna. Wanawake na wanaume, wengine umri wa mama yangu.

Puro ina sehemu tatu. Ndani ni tripa, mchanganyiko wa majani kutoka urefu tofauti wa shina: volado ya chini inasaidia kuwaka, seco ya kati inaleta harufu, ligero ya juu kabisa, iliyokaa sana juani, ndiyo nguvu. Juu yake linazungushwa jani la kufungia, capote. Mwisho kabisa capa, ngozi ya nje, jani moja laini lisilo na doa wala tundu. Mwongozaji anaeleza haya na watalii wanashangaa. Mimi nilikuwa najizuia machozi. Ile ni elimu ya baba! Majani ya chini, ya kati na ya juu, kila mkondo na daraja lake. Nimepigwa makofi utotoni kwa kuyachanganya. Sikuwahi kufikiri kuna mahali duniani elimu ile inaelezwa kwa heshima, mbele ya wageni waliolipa kiingilio.

Mama mmoja aliniona nainama mno kwenye meza yake. Nikamwonyesha kwa ishara: mimi, baba yangu, jani. Mwongozaji akatafsiri. Mama akaacha kazi, akanipa jani la capa nilishike. Wakuu, jani lile ni kama kitambaa cha hariri chenye unyevu. La kwetu likitoka bani ni la manjano kama chungwa, kwa sababu tunalikausha kwa moto ndani ya siku chache. La kwao halioni moto. Linaning'inizwa kwenye banda wiki kadhaa likaushwe na hewa, kisha linarundikwa na kuvundikwa, kama tunavyovundika ndizi, joto lipande lenyewe na ule ukali utoke. Wakati huo jani letu la Urambo limeshasafiri zamani.

Sasa msomaji.

Mbele ya galera kuna jukwaa dogo, na juu yake mtu mwenye kipaza sauti. Kazi yake ni kusoma. Mtu anaajiriwa kuwasomea wasokotaji wakati mikono yao inafanya kazi! Asubuhi anasoma gazeti, baadaye anasoma riwaya sura kwa sura, na kitabu wanakichagua wasokotaji wenyewe kwa kura. Desturi hii ilianza 1865 kwenye kiwanda cha El Fígaro. Mwaka 1866 utawala wa Kihispania ukaipiga marufuku, kwa sababu mfanyakazi anayesikiliza siasa na historia saa nzima kila siku anaanza kuuliza maswali. Ikarudi. Kwa miaka mingi wafanyakazi wenyewe walichanga kwenye mishahara yao kumlipa msomaji. Mtu asiyejua kusoma alikaa mezani miaka ishirini akatoka anajua Victor Hugo na Cervantes. Chapa ya Montecristo imepata jina kwenye riwaya ya Alexandre Dumas waliyoipenda kupita kiasi. Mwaka 2012 Cuba iliitangaza kazi hii kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Msomaji akimaliza sura iliyowagusa, hawapigi makofi, mikono ina kazi. Wanagonga visu vyao kwenye mbao, wote kwa pamoja. Niliusikia mlio huo mara moja tu.

Kichwani nikaliona bani letu, na baba usiku kucha na redio yake ya betri. RTD, redio ya taifa, ikifunga matangazo anabaki na milio ya kuni.

Mtu wa Shangani

Mkuu, hapo kwenye bani umenigusa na mimi tumbaku naijua ya ugoro tu. Swali langu ni la nyumba. Mimi ni wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Siku ile ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, ilipoanguka nilikuwa Forodhani. Kila picha ya Havana naona kibaraza kinachoning'inia kama vya kwetu. Wao wanafanyaje?

Mtoto wa Bani

Mtu wa Shangani, swali lako ndilo nililokuwa nalo kila nikiinua macho. Havana kuna mitaa miwili ndani ya mtaa mmoja. Upande huu nyumba ya karne ya 18 imepakwa rangi, ua wa ndani una mimea na kisima. Ukivuka barabara, nyumba ya umri uleule imeshikiliwa kwa magogo, ghorofa ya juu haina paa, na ghorofa ya chini kuna familia inapika. Mvua kubwa ikinyesha watu hawalali.

Yaliyookolewa yaliokolewa kwa mpango. Habana Vieja iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1982, lakini cheti hakijengi ukuta, na nyie mnalijua hilo tangu Mji Mkongwe wenu ulipoingia orodha hiyo 2000. Kulikuwa na bwana mmoja, Eusebio Leal, Mwanahistoria wa Jiji. Hicho ni cheo rasmi kule. Alikishika tangu 1967 mpaka alipofariki Julai 2020. Mwaka 1993, Umoja wa Kisovyeti umeanguka na nchi haina kitu, ofisi yake ilipewa ruhusa ya kuendesha hoteli na migahawa ndani ya mji mkongwe na kuirudisha faida humohumo: kurekebisha majengo, na pia shule, kliniki na makazi ya wazee. Nenda Plaza Vieja. Mwaka 1952 walikuwa wamechimba hapo maegesho ya magari chini ya ardhi wakaua uwanja mzima. Ofisi ya Leal iliyavunja, ikarudisha chemchemi katikati, na leo watoto wanacheza mpira wakiizunguka.

Kwa maoni yangu jambo kubwa alilofanya ni kukataa kuufanya mji uwe makumbusho matupu. Bado ukipita Calle Obrapía utakuta kamba za nguo, mtu anauza vitunguu kwa kuimba, bibi anashusha kikapu kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu apate mkate. Kama Zanzibar fedha ya hoteli za Mji Mkongwe ingekuwa inarudi kwenye kuta za Mji Mkongwe kwa sheria, nafikiri Beit al-Ajaib isingefika ile Krismasi ikiwa katika hali ile. Ni maoni yangu, nisahihishe.

Mtu wa Shangani

Sikusahihishi. Naongeza tu kwamba hata sisi tuna bibi wa kushusha kikapu. Endelea.

Mtoto wa Bani

Hapohapo Obrapía kuna nyumba inaitwa Casa de África. Ingieni. Vinyago, ngoma, zawadi ambazo viongozi wa Afrika walimpa Fidel Castro, na ghorofa inayoeleza dini ambazo watumwa walikuja nazo. Cuba iliufuta utumwa 1886, ni juzi tu. Wengi wanasikia habari za Wayoruba na miungu yao: Changó, Ochún, Yemayá. Waliokuja kutoka Kongo hawatajwi sana, na hao ndio walionifanya nisimame.

Yule aliyekuwa anatutembeza alisema neno nganga. Nikamwambia arudie. Nganga! Kwao, katika dini inayoitwa Palo, nganga ni chungu kitakatifu chenye udongo, vijiti na vyuma, na mwenye chungu anaitwa tata nganga. Nikamwambia kwetu mganga ni mtu. Akasema mambo. Nikacheka, nikamjibu "poa", hakuelewa. Kwao mambo ni nyimbo wanazoimbia chungu hicho, na muziki wa mambo uliotikisa dunia umebeba jina la huko. Ngoma ni ngoma vilevile. Maneno yamefungiwa miaka mia tatu kwenye mashamba ya miwa na bado yana sauti zake.

Jumapili adhuhuri nikaenda Callejón de Hamel, uchochoro wa Centro Habana uliopakwa rangi kuanzia chini hadi paani. Msanii Salvador González aliuanza mwaka 1990. Kuna rumba ya mtaani, ngoma tatu na mti wa kugonga, mwimbaji anaita na watu wanaitikia. Rumba ya Cuba iliingia kwenye orodha ya UNESCO 2016, lakini kwa aliyekulia Unyamwezini hahitaji orodha. Kuita na kuitikia ndiyo tulivyopalilia mashamba.

Siku nyingine panda kivuko kidogo uvuke ghuba hadi Regla. Ndani ya kanisa kuna Bikira Maria mweusi anayetazama bandari. Kwa Wakatoliki ni Bikira wa Regla, kwa wengine ni Yemayá mwenye bahari, na mtu mmoja anaweza kumwashia mshumaa kwa majina yote mawili. Nilimwona kijana anashuka ngazi za gati na kutia tikitimaji majini taratibu kama anayeweka mtoto kitandani. Abiria wote wakampisha.

Mwana Fizi

Ndugu, miye niko mutu wa Fizi, huku Kivu ya Kusini. Umesema tata: kwa Lingala tata ni baba, kwa Kikongo vilevile. Kwa hiyo huyo tata nganga ni baba mwenye nganga, si jambo la kushangaza kwetu. Lakini mbona hukutaja Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Cuba? Mwaka 1965 alivuka ziwa kutoka Kigoma akakuja huku kwetu milimani, miezi saba. Babu yangu alikuwaka anatuambia habari ya wale Wakyuba weusi waliojiita majina ya hesabu za Kiswahili. Kiongozi wao Dreke alikuwa Moja, na Che mwenyewe alikuwa Tatu.

Mtoto wa Bani

Mwana Fizi, asante sana, hili nilikuwa nalihifadhi na wewe una haki nalo kuliko mimi. Ni kweli kabisa. Aliingia kupitia Dar es Salaam, na mambo yaliposhindikana akavuka ziwa kurudi Novemba 1965, akakaa amejificha ndani ya ubalozi wa Cuba Dar akiandika aliyoyaona. Mwanzo kabisa wa maandishi hayo anakiri kwamba ni historia ya kushindwa. Havana sura yake iko kila mahali, kwenye noti, kwenye kuta. Nilipowaambia vijana wawili kwenye Malecón kwamba alikuwa anaitwa "Tatu", na kwamba tatu ni namba tu, walikaa wakalirudia mpaka wakalitamka vizuri. Na Novemba 2024 Rais Samia alikuwa Havana kwenye kongamano la Kiswahili. Niliposikia niliwakumbuka vijana wale.

Mzee wa Ngamiani

Tunaotaka kwenda, mambo ya kawaida: pesa, kulala, kula. Halafu shamba lenyewe la tumbaku ulifika?

Mtoto wa Bani

Mzee wangu shikamoo. Nianze na hayo ya kawaida, nayapitia haraka.

Beba fedha taslimu, euro ni nzuri, usitegemee kadi. Sarafu mbili walizokuwa nazo ziliunganishwa Januari 2021, sasa ni peso moja, lakini thamani yake mtaani na benki ni vitu viwili. Bima ya afya ya safari ni lazima, na kadi ya homa ya manjano usiiache. Lala kwenye casa particular, nyumba ya mtu yenye alama ya nanga ya buluu mlangoni. Mimi nililipa kama dola 30 kwa usiku na mama mwenye nyumba alinipikia. Chakula hakitakutesa: mihogo ya kuchemsha iliyomwagiwa kitunguu saumu na ndimu, magimbi, ndizi za kuponda na kukaanga, wali wa maharage wanaouita congrí, na juisi ya muwa. Umeme unakatika, na tangu nirudi umezidi. Oktoba 2024 gridi ya nchi nzima ilizima. Wenye pasi za Ulaya mnaoingia Marekani bila viza, jueni kwamba aliyekanyaga Cuba tangu Januari 2021 analazimika kuomba viza kamili.

Ukikuta foleni usisimame nyuma tu. Uliza kwa sauti "¿el último?", yaani nani wa mwisho. Mtu atainua mkono, na wewe sasa ndiye wa mwisho mpaka atakayekuja aulize. Ukishajulikana unaweza hata kwenda kukaa kivulini. Watu wanasimamishwa na maisha kwelikweli pale, daftari la mgao wa chakula lipo tangu 1962, kwa hiyo ukiweza beba dawa za maumivu, sabuni na nyuzi za kushonea uwape wenyeji wako. Puro nunua duka rasmi lenye risiti. Zinazouzwa uchochoroni mara nyingi ni mabaki yaliyofungwa lebo.

Shamba nilifika. Ni mkoa wa Pinar del Río, magharibi, ukanda wa Vuelta Abajo, na nililala Viñales, kilomita kama 180 kutoka Havana. Udongo mwekundu, vilima vya mawe vimesimama kama vichuguu vikubwa, ng'ombe wanavuta plau. Niliona mabanda ya kukaushia ya makuti yameinama, mengine yamebaki nguzo. Kimbunga Ian kilipiga Septemba 2022 na kuangusha maelfu ya mabanda, mwezi mmoja tu kabla ya msimu wa kupandikiza. Mkulima aliyenipokea alikuwa anajenga lake upya kwa mbao za lile la zamani. Akaniambia asilimia 90 ya mavuno inakwenda serikalini, kumi inabaki kwake. Nikamweleza chama cha msingi na makato ya pembejeo. Tukatazamana tukaelewana. Tukaenda shambani tukakata machipukizi pamoja, mistari miwili, na vidole vyangu vikawa vyeusi vilevile.

Dada wa Likoni

Na mzee wako? Ulimpelekea puro? Alisemaje?

Mtoto wa Bani

Nilimpelekea moja, ndani ya bomba lake la bati. Nilifika Urambo jioni. Aliinusa muda mrefu, halafu akaomba wembe. Mama akalalamika kwamba kitu cha bei hivyo kinakatwa? Hakujibu. Aliipasua kwa urefu, akaifungua jani moja moja juu ya mkeka: la nje peke yake, la kufungia peke yake, ya ndani akayanyoosha na kiganja. Akayapanga mafungu, la chini, la kati, la juu. Hakukosea.

Nikamweleza habari ya msomaji, na visu vinavyogonga mbao. Hapo ndipo aliponyanyua uso.

"Walikuwa wanasomewa kitabu gani siku hiyo?"

Nikamwambia sijui baba, kilikuwa Kihispania, sikuuliza.

"Ungeuliza."